Shule zilifunguliwa siku moja, kurudi kukachukua miaka miwili

Machi 2020 shule zote nchini Kenya zilifungwa kwa sababu ya Korona. Tarehe 4 Januari 2021 wanafunzi wote wakaitwa warudi darasani. Wengi wetu tunaikumbuka siku hiyo kama mwisho wa shida. Kwa mwanafunzi, shida nyingine ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Muda uliopotea ulilipwa kidogo kidogo hadi Januari 2023, na waliolipa zaidi ni watoto na wazazi wao. Makala hii inaeleza jinsi deni hilo lilivyolipwa, na kwa nini mzazi anafaa kulielewa kabla shule hazijafungwa tena.

Ilianzaje?

Kisa cha kwanza cha Korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Wanafunzi wengi walitoka wakidhani ni likizo ya wiki chache, hata vitabu vingine wakaviacha kwenye madawati.

Julai 7, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Mitihani ya KCPE na KCSE haingefanywa mwaka huo. Wakati huo Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ilikuwa ikirusha masomo kupitia redio ya taifa, KBC, na pia kwenye runinga na intaneti. Sisi wa redio tunajivunia kazi hiyo, lakini lazima tuseme ukweli: redio haimjibu mtoto mwenye swali, wala haisahihishi daftari. Na kwenye boma lenye simu moja, simu hiyo huondoka asubuhi na mwenyewe.

Kisha mambo yakabadilika tena. Tarehe 12 Oktoba 2020 wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne waliitwa kwanza. Wengine walisubiri hadi Januari 4.

Walikuta nini shuleni?

Walikuta mtungi wa maji na sabuni langoni, mwalimu mwenye kipima joto, na amri ya kuvaa barakoa. Kanuni ya kukaa umbali wa mita moja ilikuwa rahisi kuandikwa kuliko kufuatwa. Darasa lililozoea watoto sitini halingeweza kuwatenganisha bila kupata vyumba vingine. Shule nyingine zilisomesha ukumbini, nyingine chini ya miti. Serikali ilikuwa imetangaza mpango wa kununua madawati 250,000 kutoka kwa mafundi wa hapa nchini, lakini dawati si darasa, na si mwalimu.

Jambo lililowagusa wanafunzi zaidi ni viti vilivyobaki vitupu. Kuna wavulana waliokuwa wameonja pesa za boda boda, za mchanga au za vibarua vya shambani, na hawakuona sababu ya kurudi kuomba karo. Kuna wasichana waliokuwa wajawazito au tayari wameolewa. Machifu na wazee wa mitaa walitakiwa kuwatafuta. Baadhi walipatikana, wengine hadi leo hawajarudi.

Mwaka ulirudishwaje?

Serikali haikuongeza mwaka. Ilibana kalenda. Tuchukue mfano wa mtoto aliyekuwa Darasa la Saba shule zilipofungwa.

Alirudi Januari 2021 kuanza muhula wa pili wa Darasa la Saba, uliokwisha Machi 19. Akakaa nyumbani huku wengine wakifanya mitihani, kisha akarudi Mei 10 kwa muhula wa tatu uliokwisha Julai 16. Siku tisa za mapumziko, na Julai 26 akawa Darasa la Nane. Muhula huo ulikwisha Oktoba 1. Akapumzika tena siku tisa, kisha muhula wa pili kuanzia Oktoba 11 hadi Desemba 23. Baada ya Krismasi, Januari 3, 2022, alikuwa tena darasani. Tarehe 7 Machi akaketi kwa KCPE.

Hiyo ni mihula mitano ndani ya miezi 14. Wenzake wa madarasa ya chini walisoma mihula minane kati ya Januari 2021 na Desemba 2022, badala ya sita ya kawaida. Ndiyo maana mwaka 2022 KCPE ilifanywa mara mbili, Machi na Novemba. Kalenda ya kawaida ilirejea Januari 2023.

Mihula yenyewe ilifupishwa. Mwaka wa masomo uliokuwa na wiki 39 ukawa na wiki 30, lakini silabasi haikupungua kwa kiasi hicho. Mwalimu alilazimika kukimbia, na mtoto aliyesahau kugawanya sehemu kwa miezi tisa aliyokaa nyumbani hakupata mtu wa kumrudisha nyuma.

Uchovu ulionekana. Oktoba na Novemba 2021 mabweni yalichomwa katika shule nyingi. Sababu zilikuwa nyingi na hazihalalishi uharibifu huo, lakini wanafunzi na walimu walitaja mara kwa mara mihula iliyobanana bila kupumua. Mwezi Novemba wizara ikawapa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula.

Karo ilipunguzwa, mbona mzazi aliumia?

Hapa ndipo wazazi wengi walichanganyikiwa. Kwa sababu mwaka ulikuwa mfupi, wizara ilipunguza karo ya shule za bweni. Katika shule za kitaifa ilishuka kutoka shilingi 53,554 hadi 45,000 kwa mwaka. Katika shule nyingi nyingine za bweni ilishuka kutoka 40,535 hadi 35,000. Kwenye karatasi, hiyo ni nafuu.

Sasa piga hesabu kwa miezi. Shilingi 53,554 kwa miezi 12 ni kama 4,460 kwa mwezi. Lakini mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai 26, 2021, na uliofuata ukaanza Aprili 25, 2022. Hiyo ni miezi tisa. Shilingi 45,000 kwa miezi tisa ni 5,000 kwa mwezi. Kwa hiyo karo ya mwaka ilishuka, lakini mzazi alitoa pesa nyingi zaidi kila mwezi kuliko zamani.

Mkulima ndiye aliyebanwa zaidi. Kalenda ya shule ilikimbia, ya shamba haikukimbia. Mahindi ya Trans Nzoia huvunwa mara moja kwa mwaka, hata kama shule inafungua mara nne. Katika mwaka 2021 mihula minne ilianza, na kila ufunguzi ulikuwa na karo, nauli na sare. Ndiyo maana mbuzi na magunia yaliuzwa kwa bei yoyote iliyopatikana wiki hizo.

Tunajifunza nini?

Shule zinaweza kufungwa tena, na si lazima iwe Korona. Mwaka 2024 muhula wa pili uliokuwa uanze Aprili 29 ulicheleweshwa hadi Mei 13 kwa sababu ya mafuriko. Zilikuwa wiki mbili tu, lakini hata wiki mbili lazima zitolewe mahali fulani.

Swali la kwanza tunalouliza kila mara ni: zitafunguliwa lini? Ni swali zuri, lakini halitoshi. Katika mkutano wa wazazi, uliza pia haya.

Muda uliopotea utafidiwa vipi? Kama ni kwa kukata likizo, mtoto atapumzika lini?

Karo italipwa kwa awamu gani? Ombeni ratiba ifuate mavuno au mishahara, na mkubaliane kwa maandishi kabla ya siku ya kufungua.

Nani anahesabu wasiorudi? Orodha ya darasa kabla ya kufungwa ilinganishwe na ya wiki ya kwanza baada ya kufunguliwa, na majina yanayokosekana yafuatwe nyumbani mapema. Msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unaeleza utaratibu huo, na anaweza hata kuhamia shule nyingine.

Na mwisho, je, mwalimu atapewa wiki za kwanza kurudia yaliyosahaulika, au atakimbilia mada mpya siku hiyo hiyo?

Watoto waliopitia kalenda ile leo wako shuleni, vyuoni, au kazini. Walifanya mitihani yao na maisha yakaendelea. Lakini walilipa kwa likizo zao, na wazazi wao wakalipa kwa mifugo na mazao. Shule zikifungwa tena, mpango wa malipo hayo uzungumzwe kabla ya lango kufunguliwa, na mzazi awepo kwenye mazungumzo hayo.