Asilimia ya Nani?

Kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, halmashauri nyingi za vijijini huitisha kikao cha wadau wa elimu. Mkuu wa wilaya yuko meza kuu, afisa elimu sekondari anasoma orodha ya asilimia za ufaulu, wakuu wa shule wamejipanga mbele kama watuhumiwa. Shule iliyoongoza inapewa kikombe na iliyoshika mkia inatakiwa kujieleza. Mara chache sana utasikia mtu akiuliza hizo asilimia ni za nani.

Ufaulu hupimwa kwa waliofanya mtihani. Tuchukulie, kwa mfano tu, shule ya kata iliyopokea wanafunzi 180 kidato cha kwanza. Miaka minne baadaye wamekaa mtihani 95, wamefaulu 80. Ubaoni itaandikwa asilimia 84. Ukigawa kwa walioanza, ni 44. Kati ya wale 85 ambao hawapo, wachache wamehama na wengine wamekariri kidato cha pili. Waliobaki utawakuta wameolewa, wako machungani, au kijiweni na bodaboda ya mtu. Kwa hesabu ya namna hii, shule inayowapoteza mapema wanafunzi wazito inang'aa, na mkuu wa shule anayezunguka na mwenyekiti wa kijiji kuwarudisha watoro anajishushia wastani mwenyewe. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi darasani. Mkuu wa shule anayempokea binti aliyekaa nyumbani mwaka mzima ananyonyesha hapewi kikombe kwa hilo.

Neno kufaulu nalo lina mambo yake. Katika mtihani wa 2024 ufaulu wa taifa ulitangazwa kuwa asilimia 92.37, lakini waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa takriban asilimia 43. Karibu nusu ya watahiniwa wote, basi, waliangukia daraja la nne, ambako D mbili katika masomo saba zinatosha kukuepusha na sifuri. Kwa D mbili huendi kidato cha tano.

Halafu tutazame nani amekaa kwenye hayo madawati. Wanaofanya vizuri zaidi darasa la saba huchaguliwa kwenda shule za serikali kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala. Wenye uwezo wa fedha hupeleka watoto shule binafsi, na baadhi ya hizo huwachuja tena njiani. Shule ya kata hupokea wanaobaki, na tangu ada ifutwe mwaka 2016 wamekuwa wengi zaidi. Mkuu wa shule mmoja amepewa mchele uliokwisha chaguliwa, mwingine ameletewa gunia kama lilivyotoka shambani, kisha tunashindanisha wali.

Kijijini kuna kalenda nyingine pia, ambayo Wizara haiichapishi. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kwa Mtwara na Lindi huo ndio msimu wa korosho, wakati kila mkono wa nyumbani una kazi. Tabora kuna tumbaku, Longido kuna ng'ombe wanaofuata malisho. Na kuna umbali. Shule za kata zilijengwa ili ziwe karibu, lakini kata ya vijijini inaweza kuwa na vijiji vilivyoachana kwa mwendo wa nusu siku, ndiyo maana watoto hupanga vyumba karibu na shule, wanavyoviita mageto. Binti wa miaka 14 anajipikia, anatafuta kuni, anajifungia mlango mwenyewe usiku, na kesho asubuhi anafundishwa baiolojia kwa Kiingereza, lugha ambayo shule ya msingi ilikuwa somo moja tu kati ya mengi.

Tulishawahi kuonyeshwa kwa ukubwa wa nchi nzima jinsi mazingira yanavyozaa matokeo. Katika matokeo ya awali ya mtihani wa 2012, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Walimu waliopikwa haraka haraka, wale tuliowabatiza voda fasta, walibebeshwa lawama nyingi. Lakini shule za sekondari zilikuwa zimetoka takriban 1,300 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,200 mwaka 2010. Majengo yalikuwa yamewatangulia walimu.

Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora Januari 2023. Naliunga mkono nusu. Orodha ya taifa imekwenda, za wilaya bado zinabandikwa. Zibaki, ila ziongezwe safu: walioanza, waliokaa mtihani, daraja la kwanza hadi la tatu, walimu wa hisabati waliopo. Najua wako wakuu wa shule wanaojificha nyuma ya umaskini wa wazazi, na ziko shule za kata zinazofanya maajabu na watoto walewale, korosho zilezile. Hizo ndizo ninazozitaka zionekane, na hazitaonekana mpaka shule ilinganishwe na inayofanana nayo.

Januari ijayo, kabla kikombe hakijainuliwa, mtu mmoja aombe daftari la uandikishaji la miaka minne nyuma, aweke kidole kwenye namba 63, asome jina kwa sauti, aulize mwenye jina yuko wapi.