Minyoo ndani ya Thomson: tutupe samaki au tupike?

Juma hili tunajibu swali lililotoka kwenye mkutano wetu wa likelemba.

Mama mmoja wa kundi letu alifika na Thomson wanne ndani ya mfuko. Pesa yote ya mboga ya siku ile ilikuwa imeishia hapo. Alipopasua wa kwanza nyumbani, aliona vitu vyeupe kama uzi, vimejikunja kandokando ya ini. Akaniambia, "Yaya, ndiyo maana tumbo la mtoto wangu limevimba! Nawatupa wote, halafu narudi kugombana na muuzaji."

Nikamwambia, "Keti kwanza, mdogo wangu. Ukiwatupa, jioni bukari mtakula na nini?"

Thomson ni samaki wa bahari. Wengi wanaofika Lubumbashi wanavuliwa Namibia, wanagandishwa, kisha wanapita Zambia kwa lori mpaka Kasumbalesa. Baharini minyoo hii hukulia tumboni mwa pomboo, nyangumi na sili. Mayai yake hutoka na mavi yao, wadudu wadogo wa majini humeza vijidudu vinavyotokea humo, na samaki hula wadudu hao. Kwa hiyo si muuzaji aliyeitia, wala si alama kwamba samaki ameoza.

Minyoo hiyo ina urefu wa sentimita 2 au 3. Hatari yake ni kwa mtu anayekula samaki mbichi au aliyeiva nusu: inaweza kumchoma tumbo vikali na kumtapisha. Baridi kali ya friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, huiua ikikaa humo muda wa kutosha. Moto nao huiua, mradi ufike mpaka kwenye mfupa. Lakini chumvi kidogo au moshi kidogo usiuamini.

Basi fanyeni hivi:

1. Pasua samaki mapema, toa matumbo yote, usile ini lake. Samaki akikaa na matumbo, minyoo iliyo hai huweza kuhamia kwenye nyama.
2. Tazama nyama ya tumboni. Ukiona mnyoo, ukate na kipande kilichoushika.
3. Osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni.
4. Mchanje samaki mbavuni ili moto uingie. Kwenye mbabula yenye makala makali, ngozi huungua mapema huku ndani bado kubichi. Ameiva nyama ikiwa nyeupe yote, inaachana na mfupa, na hakuna damu kwenye uti wa mgongo.

Wako watu wachache ambao mwili wao huikataa minyoo hii hata ikiwa imekufa. Mtu akila samaki akavimba uso au akashindwa kupumua, mkimbizeni hospitalini.

Na tumbo la mtoto? Minyoo inayowasumbua watoto wetu haitoki kwenye samaki aliyeiva. Mayai yake yako kwenye udongo uliochafuliwa na choo. Huingia kwa mikono michafu na mboga zisizooshwa vizuri. Mingine hupenya kwenye miguu isiyo na viatu. Tena tumbo huvimba kwa sababu nyingi, hata kwa kukosa chakula bora. Mpeleke mtoto kituo cha afya, apimwe. Watoto kuanzia mwaka 1 hupewa dawa ya minyoo, kama mebendazoli au albendazoli, kwa kipimo cha umri wao. Mama mwenye mimba asimeze dawa hiyo bila kumwuliza muuguzi.

Sasa sikieni kilichotokea. Tulipasua wale Thomson wote wanne. Watatu walikuwa na minyoo, lakini nyama yao ilikuwa ngumu na harufu yao nzuri. Wa nne hakuwa na mnyoo hata mmoja. Ila tumbo lake lilikuwa limepasuka, nyama ilibonyea chini ya kidole, na harufu ilikuwa kali. Umeme unapokatika, samaki huyeyuka, kisha hugandishwa tena. Thomson aliyekaa hivyo hutengeneza sumu ambayo moto hauiondoi hata ukimkaanga mpaka awe mkavu. Mlaji huwashwa mdomo, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, anatapika.

Huyo wa nne ndiye tuliyemtupa. Watatu tuliwasafisha, tukawapika na nyanya na kitunguu, na watoto wakala bukari wakashiba. Kesho yake mama alimbeba mtoto akaenda kituo cha afya.

Wamama, sokoni bonyezeni nyama, nuseni, tazameni tumbo kabla ya kutoa franka zenu. Mnyoo unaouona, kisu na moto vinaumaliza. Samaki aliyeoza, hakuna moto wa kumtengeneza.

Leteni maswali yenu kwenye mkutano ujao.