Chaja yenye akili za kuazima

Leo nataka kugombana na watu wawili: wauzaji wa chaja za magari ya umeme, na waandika programu wenzangu. Wa kwanza wanatuuzia kitu tusichokihitaji. Wa pili, yaani mimi na wewe, ndio tunaokitamani, tena kwa furaha, kwa sababu kinakuja na programu ya simu yenye grafu za rangi.

Msimamo wangu nauweka mbele kabisa ili asiyeupenda aanze kukasirika mapema. Kama unaishi huku Matasia, una Nissan Leaf iliyotoka Japani na mita ya tokeni ukutani, basi ile pesa ya ziada unayotaka kulipa ili upate "chaja janja" ipeleke kwenye waya, fimbo ya ardhini na breka. Chaja yenyewe nunua bubu.

Kwanza tuelewane chaja ni nini, maana hapa ndipo uongo unapoanzia. Lile sanduku la ukutani si chaja! Chaja yenyewe imo ndani ya gari, imefungwa huko kiwandani, na ndiyo inayogeuza umeme wa nyumbani kuwa umeme wa betri. Sanduku ni swichi tu, swichi yenye adabu. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 61851, sanduku hutuma mipigo 1,000 kwa sekunde kwenye waya mmoja mwembamba, volti 12 juu na 12 chini. Upana wa mpigo ndio ujumbe. Ukiwa asilimia 25, gari linaelewa kwamba linaruhusiwa ampea 15. Ukiwa asilimia 50, ampea 30. Gari nalo linajibu kwa kuishusha ile volti ya juu: ikifika 9, maana yake "nimechomekwa", ikifika 6, maana yake "haya, nipe." Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Hakuna intaneti, hakuna akaunti, hakuna nenosiri. Mtu yeyote anayesoma hapa angeweza kuiandika programu hiyo wikendi moja akabakiwa na Jumapili jioni ya kupumzika.

Sasa tuje kwenye pesa. Mwezi uliopita niliulizia bei kwa muuzaji mmoja mjini. Bubu ya kilowati 7: shilingi 65,000. Janja ya kilowati zilezile 7: shilingi 130,000. Nikamuuliza tofauti ni nini. Akanionyesha simu yake.

Fanya hesabu na mimi. Leaf huenda kama kilomita 6 kwa uniti moja ukiiendesha kistaarabu. Kutoka Matasia hadi katikati ya Nairobi ni kama kilomita 30, kwenda na kurudi 60, yaani uniti 10. Tuseme uniti ni shilingi 30, kodi na makato yote ndani. Safari ya siku ni shilingi 300. Ile tofauti ya 65,000 ni siku 216 za kwenda mjini na kurudi. Karibu mwaka mzima wa kazi, umeuweka ukutani ili uone grafu!

Na hizo kilowati 7 zenyewe je? Leaf nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3. Ya kilowati 6 ilikuwa ya kuongeza kwa pesa. Ukiifungia sanduku la 7, itakunywa 3. Ukiifungia la 22 (wapo wanaoliuza, na wapo watu wenye fezi moja nyumbani wanaolinunua, Mungu atusaidie), itakunywa 3. Uniti zako 10 kwa kilowati 3, pamoja na kinachopotea njiani, ni kama saa 4. Ukifika nyumbani saa mbili usiku, gari limeshiba kabla ya saa saba. Unaharakisha uende wapi?

Hoja kubwa ya wauzaji ni ratiba: eti chaja janja itasubiri umeme wa bei nafuu usiku. Hoja hii imenakiliwa kutoka Uingereza bila kusoma bili ya Kenya. Mita yako ya kawaida ya nyumbani haijui saa. Tokeni uliyonunua inakatwa vilevile saa moja jioni na saa tisa usiku. Kinachobadilisha bei yako ni kiasi unachotumia kwa mwezi: kuna daraja la hadi uniti 30, la hadi 100, na la juu ya 100, na gari litakupandisha daraja la juu hata ulichaji saa ngapi. Bei inayojua saa ipo kweli. Katika bei zilizopangwa Aprili 2023, EPRA iliweka bei ya magari ya umeme: msingi wa shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa za chini, kabla ya kodi na makato. Lakini hiyo ni ya mita maalumu ya kuchajia magari, si ya mita inayowasha taa ya sebuleni. Na bei hiyo ina akili: mvuke wa Olkaria haulali usiku, na mitambo ya upepo ya KenGen pale juu ya milima ya Ngong, ile ya megawati 25.5 tunayoiona kila tukitoka nje, haizunguki kwa kufuata ratiba ya watu kupika ugali. Ukiipata mita hiyo, hapo saa ina maana.

Lakini hata ukiipata… Leaf ina saa ya kuchaji ndani yake, kwenye dashibodi. Ndiyo, menyu ni ya Kijapani. Mwombe mtoto wa jirani aipige picha kwa simu na kuitafsiri, dakika kumi umemaliza. Unalipia mara ya pili kitu ambacho tayari kiko kwenye gari!

Haya, tufike kwenye kiini cha hasira yangu. Akili ya chaja janja haimo kwenye chaja. Imo kwenye seva ya mtu mwingine, nchi nyingine, na mtu huyo hana mkataba wa ndoa nawe. JuiceBox ilikuwa chaja ya nyumbani iliyojulikana sana Marekani. Ilianza 2013 kama mradi wa kuchangiwa na umma, ikipendwa na watu wa aina yetu wanaofungua vitu kwa bisibisi. Mwaka 2017 kampuni yake ikanunuliwa na Enel ya Italia. Mwanzoni mwa Oktoba 2024 wateja wakaambiwa kwamba tawi la Amerika Kaskazini linafungwa tarehe 11 ya mwezi huohuo. Siku chache tu! Masanduku ya nyumbani yaliendelea kupitisha umeme, lakini programu ya simu, ratiba, na yale yote yaliyofanya yauzwe ghali yakabaki bila mwenyewe. Waandika programu wa kujitolea ndio waliokaa usiku wakaandika programu ya kujifanya seva ya kampuni, ili masanduku yapate mtu wa kuongea naye.

Na si chaja tu. Aprili 2024 Nissan ilizima programu ya simu ya Leaf za zamani huko Uingereza, kwa sababu mtandao wa 2G uliokuwa ukibeba ujumbe wake ulikuwa unazimwa. Gari zima, barabara nzuri, betri nzuri. Kilichokufa ni waya usioonekana.

Kama hayo yanatokea kwa kampuni zenye ofisi na mawakili, chaja isiyo na jina iliyoletwa kwa kontena, ambayo seva yake huijui iko mji gani, utamshtaki nani? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Na sisi tunaojua seva ni nini, sisi tunaolipia seva kila mwezi na kujua jinsi ilivyo rahisi kuacha kulipa, ndio tulipaswa kuwa wa kwanza kuwaambia jamaa zetu ukweli. Badala yake tunawauliza, "Ina waifai?"

Sasa pesa iende wapi? Iende mahali ambapo hapapigwi picha.

Waya. Huku kwetu mita mara nyingi iko mbali na gari linapolala. Chukua umbali wa mita 40 na ampea 16. Kwa waya wa milimita 2.5 unapoteza kama volti 11 na nusu njiani, yaani wati 184 za joto ukutani, saa nne kila usiku. Kwa waya wa milimita 6 unapoteza chini ya volti 5. Tena ukiuweka huo wa 6 leo, kesho ukinunua gari linalokunywa zaidi unabadilisha sanduku tu, hubomoi ukuta.

Fimbo ya ardhini, ile mafundi wetu wanayoiita athi. Gari ni kabati la chuma linaloguswa na watoto, na usiku wa mvua linaguswa na wewe ukiwa umelowa. Udongo ukikauka kiangazi, fimbo fupi iliyopigwa kwa haraka haifanyi kazi yake. Mwambie fundi aje na kipimo, apime mbele yako, aandike namba. Kuna mafundi ambao chaja ikiwasha taa nyekundu kwamba haioni athi, wanaunganisha waya wa athi na nutro ili taa izime. Taa inazima kweli! Sasa nutro ikikatika huko kwenye nguzo, bodi ya gari lako inaweza kuwa na umeme. Fundi wa namna hiyo mfukuze kabla ya chai. Mwite mwenye leseni ya EPRA, na usione haya kuomba kuiona.

Breka ya uvujaji. Gari la umeme linaweza kuvujisha umeme wa DC, kama ule wa betri, na umeme huo huipofusha breka ya kawaida ya miliampea 30. Sanduku zuri lina kihisi ndani kinachokata uvujaji wa DC ukifika miliampea 6. Kama halina, unahitaji breka ya Type B, na hiyo si ya bei ya chini. Hiki ndicho kipengele pekee ninachokubali kulipia bila kubishana, na ndicho ambacho muuzaji wangu hakuwa anakijua. Ongeza na kizuia misukosuko ya umeme kwenye boksi. Mnajua stima ya huku inavyorudi baada ya kupotea.

Na hapo kuna kipengele kingine kisichoandikwa kwenye kartoni: stima ikipotea saa nane usiku ikarudi saa tisa, je, chaja inaendelea yenyewe, au inasubiri mtu aigonge kwenye simu? Bubu nyingi zinaendelea. Baadhi ya janja zinasubiri kwanza kuongea na nyumbani kwao. Wewe unaamka saa kumi na moja, gari lina njaa.

Wale wa "nitatumia tu waya wa Japani na soketi ya kawaida" nao wasicheke. Waya ule umetengenezwa kwa volti 200 na plagi ya Japani. Kuikata na kuifungia plagi yetu ya ampea 13, kisha kuibebesha mzigo usiku kucha, ni kupika plagi. Ubahili nao una mipaka.

Kuna wenye haki ya kubisha. Mwenye sola juu ya paa na gari linaloshinda nyumbani mchana (sisi tunaofanyia kazi mezani jikoni, kwa mfano) ananufaika kweli na chaja inayofuata jua, inayopunguza ampea wingu likipita. Mwenye nyumba ya magorofa yenye magari sita kwenye laini moja anahitaji kugawa mzigo. Hao siwakatazi. Ila wanunue chaja inayoongea OCPP, itifaki huria iliyozaliwa Uholanzi, na inayokubali kuelekezwa kwenye kompyuta yako mwenyewe nyumbani. Au OpenEVSE, ambayo programu yake ni huria na unaweza kuisoma mstari kwa mstari. Lakini mwenye Leaf moja na hita ya bafuni? Hita inakula zaidi ya ampea 20 wakati wa kuoga. Punguza ampea za chaja kwa kile kiswichi kilicho ndani ya sanduku, chaji watu wakishaoga, kwisha. Na landilodi anayetaka kujua mpangaji ametumia kiasi gani, mita ndogo ya pembeni inapatikana kwa muuza vifaa vya stima yeyote.

Kwa hiyo ninyi wauzaji, mnisikie. Nina maswali matatu. Nikizima ruta yangu kwa mwezi mmoja, ni kitu gani kitaacha kufanya kazi? Kihisi cha DC cha miliampea 6 kipo, na cheti chake kiko wapi? Stima ikirudi, inaanza yenyewe? Atakayenijibu yote matatu bila kutoa simu mfukoni aniandikie. Waya wa milimita 6 umeshalazwa, fimbo imepimwa, na ukuta bado uko wazi.