Butembo na Beni: Saa 45 za sheria hazihesabu usiku wa fundi wa kompyuta

Sheria ya kazi ya Kongo inasema mfanyakazi asipite saa 45 kwa juma. Katika ofisi nyingi za Butembo na Beni, fundi wa kompyuta anaweza kuheshimu hesabu hiyo na bado asipumzike. Anatoka kazini jioni kama wenzake, lakini simu yake inabaki wazi hadi asubuhi. Saa hizo za kungojea haziandikwi popote na hazilipwi.

Shida inaanzia katika maneno yenyewe ya sheria. Sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka mpaka wa saa tisa kwa siku na 45 kwa juma. Inaanza kuhesabu pale mfanyakazi anapokuwa mahali pa kazi, tayari kwa ajili ya mwajiri. Hesabu hiyo inamfaa mtu wa kiwanda au wa duka: akifunga mlango, kazi inabaki ndani. Kwa mtu anayechunga mashini za benki, za hospitali au za shirika, kazi inamfuata nyumbani. Juma lina saa 168. Ukiondoa 45 za ofisini, zinabaki 123 ambazo anaweza kuitwa wakati wowote.

Malipo ya saa za ziada yapo. Saa sita za kwanza zinaongezwa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na kazi ya siku ya mapumziko asilimia 100. Lakini ili saa ilipwe, lazima kwanza mtu aikubali kuwa ni saa ya kazi.

Umeme, rezo na saa ya Kinshasa

Kuna sababu za hapa hapa zinazofanya kazi ipite mpaka. Ya kwanza ni umeme. Unapokatika mchana, kazi nzito kama kunakili data au kubadilisha programu inasogezwa hadi umeme urudi, hata kama ni usiku. Vilevile kazi inayohitaji kusimamisha mashini haiwezi kufanywa wateja wakiwa kwenye foleni. Inangoja jioni au Jumapili.

Ya pili ni saa ya Kinshasa. Mashariki ya inchi iko saa moja mbele. Kituo kikuu kinapofunga saa kumi jioni kule, Butembo ni saa kumi na moja. Ujumbe wa mwisho wa mkubwa wa kazi unafika wakati fundi ameshatoka, na anatarajiwa kuujibu.

Ya tatu ni pesa za simu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money hazina Jumapili. Mfanyabiashara wa Butembo anayelipa mzigo wake jioni hataki kusikia kwamba mtu wa rezo yuko kanisani.

Hesabu hiyo inakuwa ngumu zaidi pale ofisi nzima inapomtegemea fundi mmoja. Hakuna wa kupokezana naye. Akiugua malaria, mashini zinaugua pamoja naye.

Beni: kuitwa usiku si jambo dogo

Katika Beni, swali la saa ni pia swali la usalama. Tangu mwezi wa kumi 2014, mji huo na vijiji vya kandokando vimeishi na mauaji ya ADF. Hali ya kuzingirwa imekuwepo Kivu Kaskazini tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, na baada ya bomu la Noeli ya mwaka huo mjini Beni, viongozi walikataza watu kutembea kuanzia saa moja ya usiku. Mkubwa anayesema kwa simu «njoo mara moja, mashini imezima» anaomba zaidi ya saa moja ya kazi. Anamwomba mtu avuke vizuizi gizani.

Mzigo huo uliongezeka mwaka 2025. Goma ilipoanguka mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza, benki zake zilifunga na utawala wa jimbo ukahamia Beni. Kila ofisi inayofunguliwa inahitaji mtu wa kuunganisha rezo na kulinda data, na watu wenye ujuzi huo hawaongezeki kwa siku moja.

Kuna pia vijana wanaofanyia kazi wateja wa ng'ambo. Chuo cha UCBC cha Beni kinafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, jambo linalowafungulia wahitimu wake milango ya nje. Lakini New York iko saa sita au saba nyuma ya Beni: mteja wa kule anapoanza siku yake, huku tayari ni alasiri. Kijana huyo hana mwajiri, basi hana hata hizo saa 45 za kujikinga nazo.

Gharama inalipwa na nani?

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu ya pamoja: mwaka 2016, watu 745.000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Anayefanya kazi 45 mchana na nyingine kumi usiku bila kuzihesabu yuko tayari ndani ya kundi hilo.

Waajiri wana hoja yao. Mfuko ni mdogo, na mashini ikikaa siku mbili bila kutengenezwa, wateja wanahama. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ndiyo inayoonyesha hatari ya kumtegemea mtu mmoja aliyechoka. Anayeshika peke yake maneno ya siri ya ofisi nzima akianguka, hasara ni kubwa kuliko mshahara wa msaidizi.

Inchi nyingine zimeanza kujibu. Ufaransa iliweka haki ya kuzima simu ya kazi kuanzia mwezi wa kwanza 2017. Nchini Kenya, mswada wa aina hiyo ulipelekwa katika Seneti mwaka 2022.

Katika Butembo na Beni, si lazima kungoja Bunge la Kinshasa. Mkataba ulioandikwa unaweza kusema mambo manne: nani yuko zamu usiku, zamu hiyo inalipwa kiasi gani, tatizo gani linastahili kumwamsha mtu, na kwamba hakuna anayetoka nje usiku pasipo usalama. Ofisi mbili ndogo zinaweza hata kugawana fundi wa zamu. Bila maandishi hayo, fundi akidai malipo ya usiku wake, hata mkaguzi wa kazi atakosa saa ya kuhesabu.