Mbuyu haukuanza kama mchicha, ulianza na popo

Haya jamani, leo naanza kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita, nikiwa bado mgeni kwenye chumba cha habari, nilitumwa mtaa mmoja wa hapa Dar ambako wakazi walikuwa wamechoshwa na popo. Tatizo lenyewe mnalijua: kinyesi juu ya magari, kelele usiku kucha, nguo za kwenye kamba zinafuliwa mara mbili. Nikahoji wakazi watatu na kiongozi mmoja, nikapiga picha kioo cha gari kilichochafuka, nikarudi kuandika habari iliyojaa neno "kero" na kuwaita popo "wadudu hao" (ndiyo, wadudu, na ikapita!). Wiki chache baadaye miti yote mitatu ikakatwa. Nilijiona mwandishi kweli kweli. Habari yangu imeleta matokeo!

Sikumwuliza mtu hata mmoja popo wale walikuwa wanakwenda wapi kila magharibi.

Jibu nililipata Desemba moja nilipokwenda Bagamoyo kumsalimia shangazi. Nyuma ya nyumba yake kuna mbuyu ambao hata yeye aliukuta. Tumekaa kwenye mkeka, vitumba vya maua vinaning'inia juu yetu kama ndimu zilizofungwa kamba. Jua lilipozama vikaanza kupasuka. Sitanii, ukitulia unaona kwa macho yako petali nyeupe zikijikunja kurudi nyuma, na katikati kunabaki kitu kama brashi, mpira wa mamia ya nyuzi zenye unga wa chavua. Halafu ile harufu. Siyo ya yasmini, wapendwa. Ni nzito, ya kitu kilichoanza kuchacha. Giza lilipokolea wakaja. Kivuli kinatua, kinakumbatia ua kidogo tu, kinaondoka.

"Shangazi, hawa hawakusumbui?"

"Wanisumbue nini, mwanangu? Wanakunywa, wanakwenda zao. Asubuhi mbuzi wanaokota maua. Mwezi wa saba mimi nauza ubuyu. Sasa hapo tatizo liko wapi?"

Nilirudi mjini nikaanza kusoma, na hapo ndipo nilipoona aibu. Karibu kila nilichokiona kwenye lile ua kina maelezo, na maelezo yenyewe ni popo. Linafunguka jioni kwa sababu mteja wake anatoka jioni, na kesho yake limenyauka. Ni jeupe, linaonekana gizani. Linanuka kwa sababu popo wa matunda wa huku kwetu hutafuta chakula kwa pua na macho, wengi wao hawatumii mwangwi kama wale popo wadogo wanaokula wadudu. Linaning'inia nje ya majani kwenye kikonyo kirefu ili mnyama mwenye mabawa mapana asikwame matawini. Na ni gumu, maana mgeni huyu hapepei hewani mbele ya ua, anatua kwa uzito wake wote na kung'ang'ania kwa makucha.

Mti haukukaa kikao ukaamua haya. Kwa vizazi vingi mno, mti ambao vikonyo vyake vilizidi kidogo urefu, au uliochelewa kidogo kufungua maua hadi giza liingie, ulitembelewa zaidi, ukapata mbegu nyingi zaidi, na mbegu zikarithi tabia hiyo. Basi. Ndiyo maana nasema popo ndiye aliyelichonga ua la mbuyu.

Atakayebisha aende Madagaska. Dunia nzima ina aina 8 za mbuyu: 1 ya bara letu, 1 ya Australia, 6 za kisiwa kile. Mtaalamu wa mimea David Baum, aliyeichunguza mibuyu hiyo miaka ya 1990, alionyesha kwamba aina mbili, mmojawapo ule wa Grandidier unaopigwa picha na kila mtalii, huhudumiwa na wanyama wa usiku, popo wakiwemo. Maua yake ni mafupi, meupe, yamejiachia wazi. Nyingine nne huhudumiwa na nondo wakubwa wenye mirija mirefu ya kunyonyea, na maua yake ni marefu, membamba, ya njano au mekundu, nekta imefichwa chini kabisa. Ukoo mmoja, kisiwa kimoja, wateja tofauti, maua tofauti. Nisiwe mwongo, kusini mwa Afrika watafiti wamewakuta nondo wakiutembelea mbuyu wetu huu huu kuliko popo. Kwangu hilo halivunji hoja. Linaonyesha kuwa kazi ya kuchonga haijakwisha.

Na siyo mbuyu peke yake. Mwegea si ndugu yake wa karibu, lakini nao hufungua maua usiku, yananuka, yananing'inia kwenye kamba ndefu (rangi tu ndiyo imekataa masharti, ni nyekundu iliyokolea kama damu kavu). Kule Amerika popo wa maua ni wa ukoo mwingine, wadogo, wanapepea mbele ya ua na kutumia mwangwi, na mimea nayo ikawa ya namna nyingine. Kuba kuna mmea uitwao Marcgravia evenia wenye jani lililojikunja kama dishi juu ya maua. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kuwa dishi hilo hurudisha sauti ya popo vizuri sana, kiasi kwamba popo hulipata kwa nusu ya muda. Ekwado kuna popo, Anoura fistulata, ambaye ulimi wake hufika sentimita 8.5, mrefu kuliko mwili wake, na lipo ua lenye mrija unaolingana na ulimi huo. Hapo sasa nani kamchonga nani?

Najua mtakachosema: magonjwa. Hofu hiyo si ya kijinga. Marburg imezuka Kagera mara mbili, 2023 na 2025, na popo wa mapangoni anayebeba kirusi chake ni mmoja wa wanywaji wa maua ya mbuyu. Lakini kuua siyo dawa. Kwenye mgodi wa Kitaka, Uganda, wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007, popo wakaangamizwa. Wachache waliorudi walipopimwa mwaka 2012, sehemu ya walioambukizwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya mwanzo, na mwaka huo huo ugonjwa ukazuka tena nchini humo. Usiingie pangoni kwao, usile tunda walilotafuna, usiwashike. Kukata mwembe wa mtaani siyo chanjo.

Pemba, kisiwa ambako hofu ya Popobawa ya mwaka 1995 ilianzia, watu wakalala nje kwa woga, ndiko huko huko wanakijiji walikowalinda popo wao wakubwa wasiopatikana kwingine duniani, waliokuwa wamewindwa karibu kwisha. Leo wageni wanakwenda Kidike kuwatazama. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Kinachoninyima usingizi ni umbali. Mbuyu hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe, unahitaji ya mbuyu mwingine, na mijini imebaki mmoja huku mmoja kule. Nani atavuka Ubungo usiku na unga huo kifuani? Popo wa matunda anaweza kuruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja. Na mbuyu unaweza kuishi zaidi ya miaka 1000, hautakufa popo wakiondoka. Utasimama pale pale, unachanua kila mwaka na kuangusha maua, na sisi waandishi hatutaona habari yoyote ya kuandika.

Wiki hii kuna mtaa mwingine unalalamika. Nimeomba niende mimi. Safari hii naanza kazi saa kumi na mbili jioni, nione wanaelekea upande gani. Anayejua mbuyu wenye maua hapa Dar aniandikie hapo chini.