NYUMBA ZISIZOPANGISHWA TENA

Hakuna sheria inayoshangiliwa na wapangaji kama ile inayomkataza mwenye nyumba kupandisha kodi. Wala hakuna jambo linalowashangaza watu kama kuona kwamba, baada ya miaka michache, nyumba zilizowekewa kodi hiyo zimeanza kutoweka. Hazikubomoka wala hazikuungua. Zipo pale pale, ila hazipangishwi tena. Yafaa tuulize sababu, kwani atakaye kumsaidia mpangaji hana budi kwanza kuielewa hesabu ya mwenye nyumba.

Historia ya Uingereza yatupa funzo kubwa. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya silaha na vya meli walimiminika katika mji wa Glasgow, na wenye nyumba wakaona wamepata nafasi ya kuongeza kodi. Akina mama wa mji ule, Mary Barbour akiwa mmoja wa viongozi wao, walikataa katakata kulipa nyongeza. Serikali ikalazimika kusikia. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule ilipitishwa sheria ya kurudisha kodi katika kiwango cha Agosti 1914.

Sheria hiyo ilikusudiwa kudumu mpaka miezi sita baada ya vita. Lakini udhibiti wa kodi, kwa sura hii au ile, uliendelea mpaka sheria ya 1988 ilipoiacha huru mikataba mipya. Kabla ya 1914, karibu jamaa tisa katika kila kumi walikuwa wapangaji wa watu binafsi. Mwisho wa miaka ya 1980, walibaki karibu mmoja tu katika kila kumi.

Kwa nini? Tuchukue mfano mdogo. Nyumba imewekewa kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. Kodi imesimama, lakini bei ya saruji, ya mabati na ujira wa fundi havikusimama. Gharama zafika 8,000, na mwenye nyumba abakiwa na 4,000. Papo hapo yuko mtu aliye tayari kuinunua kwa shilingi 200,000 ili aishi humo mwenyewe. Fedha hizo zikiwekwa benki kwa faida ya asilimia 5 zitaleta 10,000 kila mwaka, bila ya kuziba hata tundu moja la paa.

Lakini mnunuzi huyo aitaka nyumba tupu. Akimkuta ndani mpangaji anayelindwa na sheria, hatatoa bei hiyo. Basi nyumba moja ina bei mbili: bei ya nyumba yenye mpangaji na bei ya nyumba tupu. Kadiri tofauti ya bei hizo inavyokua, ndivyo tamaa ya kuiondoa nyumba sokoni inavyozidi. Mwenye nyumba mwungwana atangoja mpangaji ahame au afe, kisha auze. Asiye mwungwana atamchosha kwa bomba lisilotengenezwa na choo kisichozibuliwa, mpaka aondoke mwenyewe.

Mambo kama hayo yameonekana San Francisco, nchini Marekani. Mwaka 1994 wapiga kura wa mji huo waliueneza udhibiti wa kodi kwenye majengo madogo ya zamani yaliyokuwa yamesamehewa. Wataalamu walioyachunguza majengo hayo walieleza mwaka 2019 kwamba wapangaji waliokuwamo walifaidika kweli, kwani wengi zaidi waliweza kubaki makwao. Lakini wenye majengo walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15, wakiziuza kwa watu wa kukaa wenyewe au kujenga upya. Kwa hiyo kodi katika mji mzima ilipanda kwa karibu asilimia 5. Aliyekuwa ndani alikingwa. Kijana aliyekuja kesho yake kutafuta chumba ndiye aliyelipa.

Hata hivyo, tusidanganywe na wale wasemao kwamba dawa ni kuufuta ulinzi wote. Uingereza ililegeza sheria mwaka 1957, na nyumba za kupanga zikaendelea kupungua, kwa maana serikali za miji zilikuwa zikijenga zao, na aliyenunua nyumba alipewa nafuu ya kodi ya mapato. Tena mpangaji asiye na ulinzi ni mtu wa kufukuzwa wakati wowote. Akina mama wa Glasgow hawakuwa wajinga, walikuwa wanadhulumiwa.

Nasi Afrika Mashariki twayajua mambo haya. Kenya ilipata sheria yake ya kuzuia kodi mwaka 1959. Sheria hiyo ilikuja kuwekewa mpaka wa shilingi 2,500 kwa mwezi. Thamani ya fedha ikashuka, mpaka ukabaki pale pale, na nyumba nyingi za mijini zikatoka nje ya ulinzi. Nalo neno kilemba wasomaji wetu hawahitaji kufafanuliwa: kodi halali ikiwa ndogo mno, fedha hupita mlango wa nyuma.

Rai yetu ni hii. Kodi idhibitiwe, lakini iruhusiwe kupanda taratibu kwa kadiri ya gharama za matengenezo. Aondoaye nyumba sokoni amlipe mpangaji fidia ya haki na kumpa muda wa kutosha. Na juu ya yote, nyumba zijengwe, na serikali za miji ziwe mbele katika kazi hiyo. Sheria yaweza kuigawa upya kodi ya nyumba iliyopo. Haiwezi kumlaza mtu katika nyumba isiyokuwapo. Wanaotunga sheria hizi na waanze hesabu zao hapo.