Tiki mbili za buluu si makubaliano



Zamani shughuli ya harusi haikuwa ikipangika mpaka watu wakae kitako pamoja. Mpiga hina, fundi wa nguo, mpishi na mpambaji waliitwa nyumbani kwa kina bibi harusi, mkeka ukatandikwa, chai ikamiminwa, na kila mmoja akaondoka akijua kazi yake. Leo tunafungua grupu la WhatsApp, na kazi inaanza hata hatujaonana sura.

Mimi ni mpiga hina hapa Unguja, na siidharau intaneti hata kidogo. Inanilisha. Fundi ninayefanya naye kazi yuko Wete, Pemba. Bibi harusi wetu mmoja alikuwa Maskati, akachagua vitambaa kwa picha, akatua Unguja nguo zikiwa tayari. Mwenzetu mwenye mtoto mchanga anapokea oda za keki akiwa jikoni kwake, bila ya kukodi duka. Alhamdulillah, hii ni kheri kubwa kwa wanawake.

Lakini nikupeni kisa. Bibi harusi alibadilisha siku ya hina, kutoka Jumamosi ikawa Alhamisi. Alilitaja hilo ndani ya ujumbe wa sauti wa dakika nne, katikati ya habari za viatu na maua. Tulikuwa sita katika grupu. Wanne tuliusikiliza, mmoja akaweka dole gumba, mwengine akaweka ua. Kila mmoja alidhani mwenziwe keshampigia fundi. Fundi wa watu bando lilikuwa limemwishia, hakusikia kitu. Alhamisi alasiri bibi harusi amekaa, miguu imeshaoshwa, na nguo yake ya hina iko Pemba, haijatiwa hata vifungo.

Alivaa ya kuazima ya wifi yake. Usiku tukaanza kulaumiana humo humo kwenye grupu: nani alaumiwe, nani arudishe pesa. Tukasahau kama mwenyewe bibi harusi yumo. Aliyasoma yote, usiku wa hina yake. Mpaka leo naona haya nikikutana na mama yake.

Tangu siku ile nina neno moja: intaneti imetupunguzia safari, lakini mzigo wa kuafikiana bado ni wetu. Tiki za buluu zinasema mtu amefungua ujumbe. Hazisemi ameelewa, wala hazisemi amekubali.

Na kufanya kazi na mtu aliye mbali si jambo geni kwetu. Mama yetu Khadija, Mungu amridhie, alikuwa mfanyabiashara wa Makka na mali yake ikenda mpaka Sham bila ya yeye kupanda msafara. Alimkabidhi Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, kwa sababu ya uaminifu wake, na akampeleka mtumishi wake Maysara afuatane naye. Maysara aliporudi alimweleza aliyoyaona. Angalia hapo: mtu mwaminifu, jukumu linalojulikana ni la nani, na habari kamili inayorudi kwa mwenye mali. Sisi tuna simu mkononi, na hivyo vitatu tunavikosa.

Tena aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika tunapokopeshana kwa muda, na kuweka mashahidi. Kazi zetu za harusi karibu zote ni za namna hiyo: arubuni leo, iliyobaki baada ya shughuli. Grupu lingeweza kuwa karatasi yetu na mashahidi wetu. Sisi tumeligeuza baraza la soga.

Sasa timu yetu ina utaratibu, nanyi uchukueni ukikufaeni. Kila harusi ina msimamizi mmoja, na bibi harusi anazungumza na huyo tu. Tarehe, bei, vipimo na rangi huandikwa. Sauti ni ya salamu na maelezo. Kila mmoja anajibu kwa maneno, "nimekubali, nitaleta Jumatano", na asiyejibu mpaka jioni anapigiwa simu. Grupu la mafundi ni mbali na la bibi harusi. Baada ya Isha hatuulizani kazi ila kwa dharura, maana na sisi tuna waume na watoto.

Na picha, jamani. Ukitaka kumwonesha mwenzio ua la hina, piga mkono au mguu tu. Kichwa wazi cha bibi harusi hakiingii grupu lolote, sikwambii stetasi. Amekuvulia mtandio kwa kukuamini, na amana haina kitufe cha kufutia.

Nawe bibi harusi mtarajiwa, ukibadilisha jambo, liandike peke yake, mtumie mtu mmoja, na usilale mpaka akujibu. Ukiweza, waite mafundi wako mara moja tu wakae pamoja, wanywe chai. Walio mbali wapigieni simu hapo hapo mkekani. Watu waliokwisha kucheka pamoja hawatupiani lawama usiku wa manane.

Mwenyezi Mungu atie baraka katika kazi za mikono yetu, na harusi zenu ziwe za kheri. Amin.